Diski Iliyopigwa Teke

Mara ya kwanza kumwona Lamria Sihotang akimpiga mtu, alitumia kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, kizito kama tofali. Mteja mmoja alikuwa amemshika kifua akijifanya anapita kwenye ujia mwembamba. Lamria alimng'oa meno mawili, akarudi kukaa, akakichomeka kile kisanduku kwenye umeme kuona kama feni yake bado inazunguka. Ilikuwa inazunguka.

Duka langu la wino wa printa na vipuri lilitazamana na lake, ghorofa ya pili ya jengo la mafundi wa kompyuta, katikati ya jiji la Medan. Asili yangu ni Padang, naitwa Syafnil, na yeye aliniita Uda, kama watu wa kwetu wanavyowaita kaka zao. Mimi nilimwita Kak, yaani dada, ingawa nilimzidi umri. Hakuna mwanamume pale juu aliyethubutu kumwita kwa jina tupu.

Alizaliwa Porsea, kando ya Ziwa Toba, kwa baba aliyewaadhibu wanawe kwa mnyororo wa baiskeli. Lamria alipokuwa na miaka kumi na minne, alimkuta baba amemwinamisha mdogo wake Marihot, mtoto wa miaka tisa, kichwa ndani ya pipa la maji, anahesabu kwa sauti. Lamria akachukua mchi wa kutwangia mpunga, akamvunja baba mfupa wa bega. Kesho yake mama yao aliwapandisha wote wawili basi la kwenda Medan kwa shangazi, akawafungia wali na samaki kwenye jani, wala hakuwaambia warudi lini. Kuanzia siku hiyo Lamria ndiye aliyemlea Marihot. Alimpeleka shule, alimnyoa nywele, na siku moja aliwafuata hadi mferejini vijana watatu waliomnyang'anya viatu, akarudi na viatu na jino la mtu.

Kompyuta alijifunza akiwa mfagizi kwenye chuo kimoja cha mtaani. Alifagia polepole makusudi. Wengi wetu tulijua kubadilisha vipuri tu. Mashine ikituletea skrini nyeusi yenye maandishi meupe, tuliikimbia. Lamria aliipenda skrini hiyo. Alikaa mbele yake na kamusi iliyochanika, akibishana nayo mpaka ikubali.

Marihot alikua mtu mrefu, mcheshi, mwenye mikono mikubwa. Alipata kazi ya ufundi na ulinzi wa geti kwenye yadi ya mabasi ya bwana mmoja aitwaye Barus. Mwaka 2006, basi moja la Barus lilikatika breki kwenye mteremko wa kutoka Berastagi, likaua watu kumi na mmoja. Barus alisema dereva alisinzia. Dereva alikuwa miongoni mwa wafu, hakuweza kujibu. Marihot ndiye aliyekwenda polisi kueleza kwamba aliandika kwenye daftari la karakana mara tatu: breki mbovu, gari lisitoke.

Siku tisa baadaye alikutwa kwenye mtaro nyuma ya yadi.

Lamria aliuosha mwili mwenyewe. Shangazi alitaka kumtoa chumbani, akashindwa. Aliyahesabu mapigo kama mtu anayekagua mzigo: thelathini na moja, mengi kichwani na mbavuni, na kiganja kimoja kimepondwa kabisa. Wakaufunika mwili kwa ulos, kitambaa chao cha jadi, wazee wakasema maneno yao, wanawake wakalia. Yeye hakulia. Alisimama pembeni ya jeneza akiwatazama wageni mikononi, mmoja baada ya mwingine, akitafuta vidole vilivyochubuka.

Barus alisema wezi waliruka ukuta. Alisema wezi haohao waliipiga teke na kuivunja mashine ya kurekodi picha za kamera iliyokuwa ofisini, basi hakuna ushahidi. Polisi waliandika hivyohivyo.

Wiki moja baada ya mazishi nilimsindikiza Lamria yadini. Barus alikuwa amesimama kwenye ngazi za ofisi, mtu mnene mwenye saa ya dhahabu, madereva kama kumi wakimsikiliza.

"Inang, pole sana," alimwambia, akimwita mama kwa heshima ya Kibatak, mkono kifuani. "Marihot alikuwa kama mwanangu."

"Asante, Amang," Lamria akajibu, naye akimwita baba. "Nimekuja kuomba mashine ile iliyovunjika."

"Ya nini? Imekufa ile. Mafundi wawili wameiangalia."

"Najua imekufa. Marihot alikuwa akikaa nayo usiku kucha. Nataka kitu alichokishika."

Barus aliwatazama madereva. Kumnyima dada wa marehemu chuma chakavu mbele ya watu kungeonekana vibaya. Akacheka kidogo.

"Mpeni. Ila, Inang, usije ukamfufua mtu humo."

"Sifufui watu," Lamria akasema. "Nafufua mashine."

Madereva wawili wakacheka. Barus hakucheka tena.

Dukani aliifungua. Bodi ilikuwa imepasuka katikati, na diski ilitoa sauti ya kukwaruza, kama paka nyuma ya mlango. Lakini ilikuwa inazunguka. Akanijia.

"Uda, nipe diski mpya, kubwa. Hii naweza kuinakili ikiwa bado inapumua."

Nilimpa. Alizitia mbili hizo kwenye mashine moja, akaiamuru inakili kila kinachosomeka na kuruka kisichosomeka. Ilichukua mchana kutwa. Na mimi, jioni ileile, nilishuka kunywa kahawa kwenye kibanda cha chini, nikakuta watu wanazungumzia kifo cha Marihot, na ulimi wangu ukaniwasha. Nikasema, "Ngojeni tu. Dada yake ameipata diski, kesho mtaona sinema." Nilitaka kuonekana mtu mwenye habari. Pale kibandani alikuwepo mwegeshaji magari ambaye binamu yake alifanya kazi kwa Barus. Nilijua hilo. Nilisema hata hivyo.

Asubuhi Lamria alikuwa na nakala yake kwenye mashine nyingine, chini ya meza, nyuma ya maboksi. Diski ya zamani aliiacha juu ya meza. Picha za kamera zilikuwemo kwenye nakala, lakini zimefungwa kwa namna ambayo ni programu ya mashine ileile ya Barus tu ingeweza kuzifungua. Kwa hiyo kunakili hakukutosha. Ilibidi mfumo mzima wa mashine ile uamke upya ndani ya mashine yake.

Ninaeleza kama alivyonieleza. Ukiwasha kompyuta, mwanzoni kabisa mwa diski kuna programu ndogo, kianzishi, ambayo kazi yake ni moja: kukitafuta kiini cha mfumo, kukipakia, kukiambia nyumba yake iko wapi, kisha kunyamaza. Kiini kikishaamka ndicho kinachoendesha mengine yote. Teke lile liliharibu mwanzo wa diski. Kianzishi kilipotea. Kiini kilikuwepo kizima, kimelala, hakuna wa kukigonga.

Lamria alitia kianzishi kipya kutoka kwenye sidii. Akaandika maagizo yake kwenye skrini nyeusi: kiini kiko sehemu hii, nyumba yake ni ile. Akabonyeza. Maandishi yakamiminika, mstari juu ya mstari, nikadhani tayari. Yakasimama. Mstari wa mwisho ulisema kiini kimepatwa na taharuki, kwani hakikuiona nyumba yake. Ndivyo mifumo hii inavyosema inapokufa.

"Kimeamka, kimefungua mlango, kimekuta ukuta," Lamria alisema. "Angalau kimeamka."

Wakati huohuo wanaume watatu walikuwa wanapanda ngazi. Aliyetangulia nilimjua kwa sura, kama kila mtu Medan: Jontar, mwenye shingo iliyoungua, mbabe wa yadi ya Barus. Ilikuwa saa nne asubuhi, jengo limejaa wateja. Hawakujali.

"Dada, tunaomba diski ya bosi," Jontar alisema kwa upole.

"Bosi alinipa."

"Amebadilisha mawazo."

"Basi aje mwenyewe anitazame usoni."

Jontar akamzaba kofi. Lamria alikuwa na bisibisi mkononi, akamchoma nayo paja, akaizungusha. Jontar alipiga ukelele kama mbuzi. Wa pili akamkamata Lamria nywele akamgonga uso kwenye meza, mara tatu, skrini ikaanguka, damu ikatapakaa kwenye kibodi. Lamria akamng'ata mkono mpaka nikasikia. Wa tatu alikuwa na nyundo. Wateja walikimbia. Na mimi? Nilikimbilia dukani kwangu, nikaingia chini ya kaunta, nikaona yote kupitia upenyo wa maboksi ya wino, huku nimejikojolea.

Walimburuta mpaka kwenye shata la mlango. Jontar, akichechemea, akaubana mkono wa kulia wa Lamria kwenye kizingiti, wa tatu akalishusha shata. Akalipandisha. Akalishusha tena. Sauti ile bado iko masikioni mwangu.

"Mkono wa fundi," Jontar akasema akihema. "Sasa kafagie."

Waliiweka ile diski ya zamani sakafuni wakaipiga nyundo mpaka ikawa vipande vya kioo na bati. Wakapiga picha kwa simu, bila shaka ya kumwonyesha Barus. Wakaondoka kwa ngazi zilezile.

Nilitoka chini ya kaunta. Lamria alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, ameupakata mkono kama mtoto mchanga. Vidole vitatu vilielekea kusikoelekea vidole. Pua ilikuwa imevunjika.

"Kak, twende hospitali."

"Funga shata, Uda."

"Utapoteza mkono."

"Funga shata. Uko ndani au nje?"

Nikalifunga nikiwa ndani. Akaniambia nimfunge mkono kwa rula na utepe wa gundi, nikamfunga, yeye akitukana kwa Kibatak, maneno ambayo sitayaandika hapa. Kisha akaniamuru nisogeze maboksi. Mashine iliyoficha nakala ilikuwa nzima, inanguruma taratibu.

"Sasa wewe ni mkono wangu," alisema. "Andika nitakachokwambia. Usiongeze, usipunguze."

Nikaiinua skrini iliyoanguka, nikaiunganisha, nikakaa mbele ya ule weusi nilioukimbia maisha yangu yote. Lamria alikuwa nyuma yangu, damu yake ikinidondokea begani, akinitajia herufi moja moja. Alikuwa amekwishaelewa kosa la kwanza. Mashine ya Barus ilikuwa ya zamani, nayo iliita diski yake kwa jina la kizamani. Mashine hii mpya huziita diski kwa jina jingine. Tulikuwa tunakiambia kiini kiende mtaa ambao umebadilishwa jina. Nikayaandika maagizo yote upya, nikitumia jina jipya la diski. Tukawasha.

Safari hii kianzishi kilikataa hata kukipata kiini. Faili halipo, kilisema.

Lamria alifumba macho muda mrefu. Nilidhani amezimia.

"Kinahesabu kuanzia sifuri," akasema hatimaye. "Mfumo unahesabu sehemu za diski kuanzia moja. Kianzishi kinaanza na sifuri. Asubuhi nilijua, sasa kichwa kimenipotea, nikakutajia mbili. Sehemu ya pili kwake ni moja. Andika moja."

Nikaandika moja. Nikabonyeza.

Maandishi yakamiminika. Hayakusimama. Yakapita pale pa taharuki, yakaendelea, skrini ikazimika kidogo, kisha pakatokea madirisha manne ya kijivu na tarehe chini yake. Yadi ya Barus, pande nne.

Tuliitafuta Jumanne ile aliyouawa Marihot. Picha hazikuwa na sauti. Marihot alikuwa getini na glasi ya chai. Watu watatu wakamjia na nondo. Jontar tulimtambua kwa shingo. Marihot hakukimbia. Alimvunja mmoja mkono kwa spana, akamtupa mwingine juu ya boneti. Wakamzunguka. Akaanguka, akainuka, akaanguka. Halafu Barus akashuka ngazi za ofisi kwa mwendo wa kawaida, akavua koti, akamkabidhi mtu. Akaichukua nondo kutoka kwa Jontar. Mapigo ya mwisho yalikuwa yake. Niliyahesabu bila kutaka, yakafika tisa. Baadaye akainua uso, akaiona kamera, akanyoosha kidole. Jontar akaelekea ofisini. Picha ikakatika.

Lamria alisema, "Sasa hospitali."

Polisi wa kituo waliitazama siku ya tatu. Mkubwa wao akajikuna kidevu, akasema, "Iache mashine hapa, tutaichunguza." Lamria, mkono kwenye plasta, alimtazama, akaniambia niibebe tuondoke.

Mkabala na yadi kulikuwa na kilabu cha tuak, pombe ya kugema, ambako madereva walikula mchana, nyama ya nguruwe na wali, na ukutani kulikuwa na televisheni kubwa ya kutazamia mpira. Mwenye kilabu alikuwa Sihotang, wa ukoo wake, hakuuliza maswali. Tukaiunganisha mashine saa sita na nusu. Kilabu kilijaa. Kiini kikaamka mbele ya watu arobaini wenye midomo iliyojaa wali.

"Ndugu zangu," Lamria aliwaambia, "mlimjua Marihot. Tazameni."

Hakuna aliyetafuna tena. Mzee mmoja aliyeendesha basi pamoja na yule dereva aliyekufa alisimama, akakaa, akasimama. Na Barus, kama kila siku, akaingia kula. Alijiona ukutani akivua koti.

Sijawahi kuona watu wakimvamia mtu namna ile. Hawakupiga kelele. Stuli zilivunjikia mgongoni mwake. Mtu alimmwagia usoni mchuzi uliokuwa unachemka. Walimburuta hadi barabarani, wakampiga kwa mateke, kwa mawe, kwa jeki ya gari. Jicho lake la kushoto liliondoka pale. Lamria alisimama mlangoni akitazama, na uso wake, nasema kweli, ulikuwa umetulia. Aliwaacha. Aliwaacha kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno.

Kisha yule mzee akaja na nondo, akaiinua juu ya kichwa cha Barus. Lamria akajitupa katikati. Nondo ilimpiga begani, akaanguka juu ya Barus, akabaki hapo.

"Toka, Inang," mzee alisema akilia. "Toka nimmalize."

"Hapana. Huyu namtaka mzima. Atakaa mahakamani asikie jina la Marihot likisomwa. Ukimuua, litasomwa jina lako."

Polisi walifika wakamkuta bado amemlalia.

Kesi ilikwenda miezi minane. Wakili wa Barus alidai picha zimetengenezwa: vipi mashine ambayo mafundi wawili walisema imekufa ionyeshe chochote? Lamria akaitwa. Aliomba mashine iletwe mezani, akaizima. Akawaeleza majaji kwa dakika ishirini kianzishi ni nini, kiini ni nini, kwa nini mmoja huhesabu kuanzia sifuri na mwingine kuanzia moja. Akaandika maagizo kwa mkono wa kushoto, kila herufi wakiiona. Jaji wa kati, mama mtu mzima, alimuuliza kama mtu anaweza kuingiza picha ya uongo kwa njia hiyo.

"Mheshimiwa, kianzishi hakijui picha," alisema. "Kinaamsha tu kilicholala. Kilicholala humo alikiweka Barus mwenyewe."

Barus alipata miaka kumi na tano, Jontar kumi na miwili. Lamria naye alifungwa miezi mitatu kwa kuchochea ghasia, akaitumikia bila kukata rufaa. Gerezani alimvunja mtu pua, akaongezewa wiki mbili.

Alipotoka nilimweleza kuhusu kahawa na ulimi wangu. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi. Hakuyangoja. Alinipiga ngumi ya kushoto, nikaangukia katoni za wino.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nani mwingine niliyemwomba diski? Ndiyo maana nilikufanya uandike."

Hakusema nami mwaka mzima, ingawa tulitazamana kila siku. Vidole vyake viwili vya mkono wa kulia havikunjiki mpaka leo.

Mama yake alikuja kutoka Porsea baada ya baba kufa, akakaa naye. Kikongwe mdogo, mkimya. Siku moja adhuhuri aliingia dukani akataka kuonyeshwa mwanawe kwenye ile mashine. Lamria alikataa. Mama akavuta stuli akakaa, akasema hana haraka, na kwa saa mbili aliwatazama wateja wakiingia na kutoka. Mwishowe Lamria akaitoa mashine chini ya meza, akaiwasha, akaishikilia waya ya umeme kwa mkono wa kushoto.

Marihot akatokea getini na glasi ya chai. Alipuliza, akaonja, akapuliza tena. Akamwambia kitu mtu asiyeonekana, akacheka. Lamria akaivuta waya.

Mama aliendelea kuitazama skrini iliyozimika.

"Alikuwa amenenepa," alisema. "Ulikuwa unampikia."